Shajara ya mradi: nani anamfunza msimamizi? Mwaka wetu wa kwanza Tabora

4 Novemba 2024

Leo nimekabidhiwa uratibu wa masomo ya uzamili katika tawi letu la chuo hapa Tabora. Pamoja na funguo za ofisi nimekabidhiwa kabati la mafaili, na nimekaa nalo tangu asubuhi hadi magharibi. Kila faili ni la mwanafunzi mmoja: barua ya udahili, pendekezo la utafiti, barua ya kumteua msimamizi, kisha fomu chache za maendeleo. Katika mafaili mengi fomu hizo zinaishia njiani. Ya mwisho inasema "anaendelea na sura ya pili", ina tarehe ya mwaka juzi, na nyuma yake hakuna kitu.

Nimezoea kusikia kwamba mwanafunzi akikwama basi ni mvivu au kakosa ada. Wapo wa namna hiyo. Lakini hawa walifaulu masomo ya darasani, tena wengine kwa alama za juu. Walikwama pale darasa lilipokwisha na kila mmoja akabaki na mtu mmoja wa kumtegemea, msimamizi wake. Na msimamizi huyo alifundishwa na nani kusimamia? Shahada ya uzamivu humfunza mtu kufanya utafiti wake mwenyewe. Kumlea mwingine mpaka naye aweze ni kazi ya namna nyingine, nasi tumeichukulia kana kwamba huja yenyewe siku mtu anapovishwa joho.

Nimeandika ombi la mradi wa mwaka mmoja: mafunzo kwa wasimamizi, na msaada usiokoma baada ya mafunzo. Nitaweka humu kila hatua, zikiwemo zitakazoharibika.

12 Novemba

Nilitayarisha dodoso la kuwauliza wasimamizi mahitaji yao, kisha nikaliweka kando. Sisi watu wa vyuo tunaishi kwa madodoso, na kila mmoja wetu anajua namna ya kulijaza bila kusema lolote. Nimepita kwa mmoja mmoja, ofisini au chini ya miembe nyuma ya maktaba, ambako msimu huu embe zinaanguka zenyewe, nikauliza swali moja: wewe ulisimamiwaje?

Mhadhiri mwandamizi mmoja, mama ninayemheshimu sana, alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Mzee wangu alikuwa ananirudishia sura baada ya miezi mitano. Nikiingia ofisini kwake nasimama. Sikuwahi kuambiwa kaa." Akaangalia pembeni kidogo. "Sasa najiuliza wangapi wamesimama mbele ya meza yangu."

Mwingine, kijana aliyerudi na uzamivu wake hivi karibuni, alisimulia kinyume chake. Msimamizi wake alikutana naye kila baada ya wiki mbili, saa nzima, na kila kikao kiliandikiwa muhtasari. Alipoanza kazi hapa alitaka kufanya vivyo hivyo. Lakini ana mamia ya vitabu vya mitihani vya shahada ya kwanza, ana vipindi asubuhi na jioni, na juu yake wanafunzi saba wa uzamili. Saa za kuwasimamia hao saba hazimo kwenye ratiba yake. Hazihesabiwi popote. "La kufanya nalijua, Mratibu," aliniambia. "Muda wa kulifanya ndio sina."

Maneno hayo nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi. Tukileta mafunzo bila kugusa saa za mtu, tutakuwa tumemtwisha mzigo mwingine aliyekwisha kuelemewa.

26 Novemba

Wiki hii ilikuwa zamu ya wanafunzi. Wengi wao ni watu wazima wenye ajira na familia: walimu wa sekondari wa Nzega na Igunga, wauguzi, maofisa kilimo wa Urambo na Kaliua, afisa nyuki mmoja wa Sikonge. Wanasoma usiku, na mvua zikishaanza kama sasa, wengine hawafiki mjini kwa urahisi.

Huyo afisa nyuki ndiye aliyenikaa moyoni. Anataka kujua kwa nini wafugaji wa kwao wanaendelea na mizinga ya magome ya miti ilhali wamegawiwa mizinga ya masanduku. Ni swali zuri. Kumpata msichana au mvulana wa mjini anayeujua msitu wa miombo kama yeye si rahisi. Faili lake lilikuwa kimya miezi minane. Nilipomuuliza, alinipa simu yake nisome. Ujumbe wa kwanza: "Shikamoo Daktari. Naomba kujua kama umepata nafasi ya kupitia sura yangu." Hakuna jibu. Wiki mbili baadaye: "Shikamoo Daktari. Samahani kwa usumbufu." Hakuna jibu. Baada ya hapo hakuandika tena. Nikamuuliza kwa nini hakupiga. Akanitazama kama mtu aliyesikia jambo geni. "Nimpigie Daktari kumdai?"

Nilizungumza na msimamizi wake pia. Alikumbuka mara moja. Aliisoma ile sura nusu, akaona kasoro ni nyingi, hakujua aanzie wapi, akaiweka mpaka apate siku yenye nafasi. Siku haikupatikana. "Ujumbe wa pili ulipoingia niliona aibu kujibu mikono mitupu," alisema.

Basi hapo pana watu wawili wenye adabu zao, na kazi nzuri imelala katikati yao miezi minane. Hakuna aliyemchukia mwenzake. Hakuna hata aliyemsahau mwenzake. Nimelifikiria jambo hili usiku kucha, na ndilo linalonifanya niamini kuwa mradi huu una maana.

3 Desemba

Fedha zimekubaliwa: chai, karatasi, kuchapisha, nauli kwa wanaotoka nje ya mji. Posho ya kikao haimo. Kulikuwa na mjadala mrefu juu ya hilo, na waliolalamika hawakulalamika kwa uroho. Wamezoeshwa hivyo na warsha zote za mjini. Nimeomba badala yake kwamba saa za mafunzo zihesabike kama saa za kazi. Mkuu wa tawi amekubali kwa mdomo. Nimemwomba barua.

17 Desemba

Nimekuwa nikisoma wengine wanafanyaje. Uingereza, baraza linaloshughulikia elimu ya uzamili lina mwongozo wa usimamizi bora uliogawanywa katika maeneo kumi, kuanzia namna ya kumpokea mwanafunzi, mahusiano naye na wasimamizi wenza, kumhimiza aandike na kumpa mrejesho, hadi kumwandaa kwa mtihani wa mwisho na msimamizi kujitathmini mwenyewe. Huku kwetu, CARTA, muungano wa vyuo na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanza mwaka 2008 na wenye makao Nairobi, huwakusanya wanafunzi wa uzamivu wa afya, na wasimamizi wao nao hupewa mafunzo. Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kimeendesha kozi ya mtandaoni kwa wasimamizi wa uzamivu wa vyuo vya Afrika.

Vyote hivyo vimenipa nguvu, ila nimeamua tusianze na maeneo kumi. Tuanze na moja, lile linaloonekana kwa macho: kile msimamizi anachoandika pembezoni mwa ukurasa.

21 Januari 2025

Kikao cha kwanza. Walikuja kumi na wawili. Niliwaomba kila mmoja alete kurasa mbili za kazi ya mwanafunzi zenye maoni yake, majina yote yamefutwa. Tukazichanganya mezani, kila mtu akachukua za mwingine. Kazi ilikuwa hii: jifanye wewe ndiye mwanafunzi, umepokea kurasa hizi usiku, kesho asubuhi unafanya nini?

Kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema kitu. Nilizunguka nyuma ya viti nikisoma juu ya mabega yao. "Haieleweki." "Marejeo?" "Soma zaidi." "Rekebisha." Alama ya kuuliza peke yake, kubwa, kwa wino mwekundu. Mstari uliochorwa chini ya aya nzima bila neno. Profesa wetu mkongwe alikuwa na ukurasa ulioandikwa "Fikiri kwa kina". Aliusoma kwa sauti, akauweka chini, akasema, "Mimi hapa nimeshafikiri. Kama ningeweza kufikiri zaidi ya hapo ningekuwa nimeandika." Mwenye ukurasa alinyoosha mkono mwenyewe, bila kuulizwa. Alisema aliandika maneno hayo saa sita usiku, na kwamba alijua hasa anachokitaka, ila maneno ya kukisema yangekuwa mengi.

Pale ndipo kikao kilipoamka. Maana kumbe ndivyo: msimamizi analijua jibu, analiona kichwani, na kwa kuwa analiona anadhani amelisema.

Tukachukua aya moja na kuiandikia maoni upya, wote pamoja. Niliitambua kwa sababu ya nyuki. Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba wafugaji wengi hawana elimu, ndiyo maana hawapokei mizinga ya kisasa. Maoni ya awali yalikuwa neno moja: "Thibitisha." Baada ya kubishana nusu saa nzima, tulifika hapa: "Umetoa sababu kabla ya kuleta ushahidi. Umewauliza wafugaji kuhusu elimu yao? Waliosoma je, wanaipokea? Kama hukuuliza, sema wazi kwamba ni dhana yako, au ongeza swali hilo kwenye mwongozo wa mahojiano kabla hujarudi kijijini." Maneno mengi, ndiyo. Lakini mtu akiyasoma usiku anajua asubuhi anaanzia wapi. Msimamizi wa yule afisa nyuki alikuwepo. Aliyanakili yote kwenye daftari lake, hakusema kitu.

Likazuka la sifa. Katika kurasa zote zilizokuwa mezani palikuwa na pongezi moja tu, "vizuri", nayo haikusema nini ni kizuri. Mzee mmoja akasema waziwazi kwamba yeye hasifu: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Yule mama aliyekuwa akisimama mbele ya msimamizi wake akajibu taratibu: "Na mgema asiyeambiwa tembo lake lilikuwa zuri siku gani, kesho ataligemaje tena vile vile?" Mzee hakujibu, lakini niliona ameandika. Naamini mama yule alisema jambo kubwa kuliko yote ya siku ile. Kumwambia mwanafunzi "aya hii imeshika kwa sababu umelinganisha vijiji viwili, fanya hivyo na sura inayofuata" si kumbembeleza. Ni kumfundisha.

Tukamaliza na makubaliano mawili, na sikutaka yawe zaidi. Kwanza, makosa makubwa hutangulia: hakuna kusahihisha koma katika sura ambayo swali lake la utafiti bado halijakaa sawa. Pili, kila sura inayoingia hujibiwa ndani ya siku saba, hata kama jibu ni "nimeipokea, nitaisoma kufikia tarehe fulani". Hili la pili limezaliwa na ile simu ya Sikonge.

29 Januari

Nyongeza juu ya kikao, maana watu wameendelea kunifuata nalo ofisini. Ni suala la lugha. Tasnifu zetu huandikwa kwa Kiingereza. Mahojiano hufanyika kwa Kinyamwezi, Kisukuma au Kiswahili. Mazungumzo ya msimamizi na mwanafunzi ni Kiswahili, ila maoni pembezoni ni Kiingereza tena. Mwanafunzi mmoja, mwalimu wa sekondari, aliambiwa kwa Kiingereza kwamba sura yake haina hoja. Neno lile la Kiingereza, "argument", lina maana pia ya mabishano. Alihangaika wiki tatu akitafuta wanazuoni wa kubishana nao, akiamini ndicho anachotakiwa.

Napendekeza jambo lifikiriwe na kuzungumzwa kwa Kiswahili mpaka liwe jeupe, ndipo liandikwe kwa Kiingereza. Wenzangu wawili wanapinga. Wanasema mwanafunzi hatazoea lugha ya kuandikia. Hofu yao ni ya kweli. Lakini mtu hawezi kuandika kwa lugha yoyote kile ambacho hajakielewa.

18 Februari

Kikao cha pili, juu ya matarajio. Tulitumia zoezi la zamani lililotoka Australia, kazi ya Ingrid Moses ya miaka ya 1980: jozi za kauli zinazopingana, na msimamizi na mwanafunzi kila mmoja peke yake anaonyesha anaelemea upande gani, kisha wanalinganisha. Ni nani achague mada? Ni nani aitishe vikao? Msimamizi aone kila rasimu, au sura zilizokamilika tu? Nimelifasiri kwa Kiswahili na kuongeza jozi moja ya kwetu: mwanafunzi akinyamaza, ni kazi ya nani kumtafuta mwenzake?

Safari hii wanafunzi walialikwa. Jozi saba za msimamizi na mwanafunzi wake ziliketi. Kwenye hiyo ya kunyamaza, karibu kila msimamizi aliweka alama upande wa mwanafunzi, na karibu kila mwanafunzi aliweka upande wa msimamizi. Walitazamana. Sikuhitaji kueleza chochote.

Lakini lililonifundisha mimi lilikuwa la umri. Yule kijana mwenye wanafunzi saba anamsimamia mwalimu mkuu mstaafu mtarajiwa, mtu wa rika la baba yake. Wakikutana, kijana ndiye anayeamkia: "Shikamoo Mwalimu." Mwalimu anaitikia marahaba, kisha anamwita Daktari na kumsubiri aanze. Na kijana anashindwa kumwambia kwamba sura ya tatu lazima iandikwe upya. Amekuwa akimwambia "ni nzuri, tuongeze kidogo" tangu Agosti. Alikiri hayo mbele ya mzee mwenyewe, sauti imemkauka. Mzee akacheka kwa upole: "Mwanangu, mimi nimefundisha miaka thelathini. Mtoto nisiyemwambia ukweli ni yule niliyekwisha kumkatia tamaa. Wewe umenikatia tamaa?"

Wamekubaliana hivi: shikamoo inabaki mlangoni, kama inavyopaswa. Wakishakaa na karatasi ikishafunguliwa, anayezungumza ni msimamizi na anayesikiliza ni mwanafunzi, na anayo ruhusa ya kupinga. Hakuna mwongozo wa Uingereza wala wa Australia utakaotuandikia hili. Ni letu, nasi ndio wa kulitafutia njia.

18 Machi

Mfungo. Tumehamishia kikao asubuhi, kifupi, bila chai. Waliokuja ni sita. Tulipitia tu nani ameshika makubaliano ya siku saba. Wanne wameyashika. Wawili wamesema ukweli kwamba hawakuweza, na sababu ni ileile: mitihani ya kusahihisha. Barua ya mkuu juu ya saa za kazi bado haijaja. Nimeikumbusha mara ya tatu.

15 Aprili

Wasimamizi wawili kwa mwanafunzi mmoja. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hiki chombo nimekiona kikienda mrama mbele yangu: muuguzi mmoja, msimamizi wa kwanza anamtaka atumie takwimu, wa pili anamtaka afanye mahojiano ya kina. Kila akirudi kwa mmoja anaondoa alichoongezwa na mwingine. Ameandika sura ya tatu mara nne. Wasimamizi wenyewe hawakuwa wanajua. Kila mmoja alidhani binti habadiliki kwa ukaidi.

Niliwakalisha meza moja. Ilichukua dakika arobaini kugundua kwamba swali lake lina sehemu mbili na kila mmoja alikuwa akiona sehemu moja. Nimeandika kanuni fupi: maoni ya wasimamizi wenza yanaenda kwa mwanafunzi katika waraka mmoja, na wakitofautiana wanamalizana wao kwa wao kabla hayajamfikia. Muuguzi alilia kidogo kwenye korido. Alisema ni kwa furaha. Mimi nadhani ni uchovu pia.

20 Mei

Kikao juu ya vibali na taarifa za watu. Nilidhani kingekuwa kikavu, kumbe kilichukua asubuhi yote. Njia ya vibali wengi wanaijua: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na utafiti wa afya una mlango wake wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Wasichokuwa wakikifikiria ni kinachofuata. Sauti za mahojiano zinakaa wapi? Tuligundua zipo kwenye simu za wanafunzi, simu ambazo watoto nyumbani huchezea. Majina ya wagonjwa yamo kwenye jedwali lililotumwa kwa msimamizi kwa WhatsApp.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi zaidi. Tulikubaliana kwamba kabla mwanafunzi hajaenda uwandani, msimamizi atakaa naye waandike pamoja: nini kitakusanywa, kitawekwa wapi, nani atakiona, kitafutwa lini, na mhojiwa ataelezwaje hayo kwa lugha anayoisikia. Yule mama mhadhiri alisisitiza hilo la mwisho. Fomu ya ridhaa ya Kiingereza iliyowekwa alama ya dole gumba na bibi wa Uyui asiyeijua lugha hiyo, alisema, si ridhaa. Nakubaliana naye kabisa.

17 Juni

Akili mnemba. Wasimamizi walikuja wakitaka waonyeshwe namna ya kuwakamata wanafunzi. Sikuwa na dawa hiyo. Tulichofanya ni kusoma sura moja ambayo mwanafunzi alikiri kuandikiwa na mashine. Sentensi zilikuwa laini, Kiingereza safi, na ndani yake marejeo mawili ya makala ambazo tulizitafuta kila mahali tusizione. Mashine ilikuwa imezitunga.

Fundisho lililobaki ni kwamba msimamizi aliyemwona mwanafunzi wake mara moja kwa mwaka hana namna ya kujua. Aliyekaa naye kila mwezi, akamsikia akieleza kwa mdomo wake alichokiona uwandani, anajua kwa aya ya kwanza tu. Tukarudi palepale, kwenye saa.

8 Julai

Utetezi wa tasnifu ulikuwa wiki iliyopita. Mhadhiri kijana, dada aliyejiunga nasi mwaka huu, alikuwa na mwanafunzi wake wa kwanza kabisa. Watahini walitoa masahihisho makubwa. Mwanafunzi alipokea vizuri, akaenda zake. Aliyevunjika ni msimamizi. Nilimkuta ofisini kwake taa imezimwa. "Ni mimi waliyemwambia," alisema. "Maswali yote waliyouliza ningekuwa nimeyaona."

Hapa nakiri kasoro ya mradi. Tumewafunza kuandika maoni, kupanga vikao, kulinda taarifa, lakini hatukuwa na mtu wa kukaa na msimamizi siku kama hii. Nilikaa naye mimi. Kesho yake nikampigia yule mama mhadhiri, naye alikuja kabla sijamaliza kueleza. Walikwenda kunywa chai wawili. Kuanzia sasa kila msimamizi mpya atakuwa na mwenza aliyemtangulia, si wa kumkagua, ni wa kumpigia simu. Nimeuliza nani yuko tayari, wamejitokeza watano, na wa kwanza ni yule mzee asiyesifu.

12 Agosti

Kamati ya masomo ya juu imekaa. Nilipeleka ombi kwamba kila mwanafunzi wa uzamili ahesabike kwa msimamizi kama saa moja ya kufundisha kwa wiki. Wamekubali nusu saa, kwa majaribio ya mwaka mmoja, na kwamba hakuna msimamizi atakayepewa wanafunzi wapya akishafikisha watano. Sikufurahi kwa ile nusu. Lakini ni mara ya kwanza usimamizi umeandikwa kwenye ratiba ya mtu hapa kwetu, na kijana mwenye wanafunzi saba ameniomba nakala ya uamuzi aibandike mlangoni. Wawili kati ya saba watahamia kwa mama mhadhiri.

Nimefungua tena lile kabati. Si mafaili yote yaliyosogea. Kuna majina sita ambayo simu zao hazipatikani, na nimeanza kuwatafuta kupitia vituo vyao vya kazi. La afisa nyuki limenenepa. Sura ya nne imeingia Ijumaa. Amegundua kwamba wafugaji waliosoma nao wanabaki na mizinga ya magome, na sababu waliyompa ni kwamba wanaweza kuitengeneza wenyewe msituni bila kumsubiri mtu wa mradi. Msimamizi wake alimjibu siku ya tatu, na alinionyesha maoni yake ya kwanza kabla ya kuyatuma: "Hapa umenifundisha jambo. Sasa eleza wangapi walisema hivi na wangapi walisema vingine, ili na mtahini afundishike."

Kikao kijacho ni Jumanne tarehe 16 Septemba, saa tatu asubuhi, chumba kilekile. Kila mtu aje na kurasa mbili. Wasimamizi wapya wanne waketi karibu na wenza wao, na viti vya wanafunzi viongezwe. Safari iliyopita wawili walisimama.